Mtani Aliyekuja Kumzika Mwashi

Mume wangu alianguka akiwa amekaa. Jambo hilo liliwasumbua sana watu wa Bagamoyo, kwa sababu waashi wote waliowahi kuumia mjini kwetu walianguka kutoka juu ya ukuta, na mtu akianguka kutoka juu kila mmoja anajua la kusema. Yeye alikuwa chini kabisa, ameketi juu ya jiwe kwenye ua wa Mhindi mmoja muuza nguo, anakula muhogo wa kuchemsha na kututazama sisi wanawake tuliokuwa juu. Mwiko wake wa kazi ulikuwa mapajani.

Nieleze kwanza tulikuwa tukifanya nini huko juu, maana nyumba za aina ile hazijengwi tena sana. Nyumba ya mawe haikuezekwa kwa makuti. Boriti zilipangwa juu ya kuta, mawe yakalazwa juu ya boriti, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto. Chokaa ile ilipigwa na wanawake waliojipanga mstari, kila mmoja na kipande chake cha mti, siku baada ya siku, mpaka ikawa ngumu na maji ya mvua yasipate pa kupita. Tulipiga kwa kuimba, kwa sababu bila wimbo mikono haiendi pamoja, na mikono isipokwenda pamoja paa linapasuka. Aliyeanzisha wimbo ni mimi. Nilikuwa na sauti ya kufika sokoni na mdomo wa kufika mbali zaidi. Wanawake wangu wengine walikuwa waungwana wa mtaa wa Dunda kama mimi, wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na huko juu wote walinifuata mimi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alitia muhogo mdomoni, ukatoka upande wa kulia pamoja na mate, naye hakuufuta. Mume wangu alikuwa mtu nadhifu mno, mtu wa kukung'uta kanzu hata akitoka kuchanganya chokaa. Nikakata wimbo. Vipande vyote vikasimama hewani.

"Baba watoto!" nikamwita.

Akainua uso. Nusu ya uso ilinitazama na nusu nyingine ilikuwa imelala. Mwiko ukateleza mapajani ukaanguka, naye akaufuata taratibu, kwa upande ule ule wa kulia, kama gunia lililowekwa vibaya.

Sikumbuki kushuka ngazi. Nakumbuka mke wa Mhindi, ambaye miezi yote ile ya kazi sikuwahi kumwona uso, akitoka nje kichwa wazi na kitambaa chenye maji mkononi, akipiga kelele kwa Kigujarati kuwaambia wanaume wake walete kitanda. Walileta kitanda cha kamba, kipya, na wakatuambia tukae nacho. Wapiga chokaa wangu wakakibeba wao wenyewe hadi kwetu Dunda, na njiani hakuna aliyeimba.

Nyumbani alikuwepo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Wao ni Wakwere, watu wa bara kidogo, upande wa kwenda Lugoba. Mume wangu alikuja pwani angali kijana, akajifunza uashi, akanioa, akawa mtu wa mjini. Kaka yake alibaki kwenye mashamba, na kila baada ya mavuno alishuka na mtama wake, akalala kwetu mpaka auze wote. Alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Alipouona mdomo wa ndugu yake umekwenda upande, aliweka mikono kichwani, akasema, "Huyu hafiki kesho." Kisha akatoka nje. Mimi nilidhani ametoka kulia. Kumbe alikwenda kumtafuta mtu wa kwao aliyekuwa akirudi bara siku ile ile, akampa ujumbe kwamba mwashi amefariki kazini kwa Mhindi, kaburi lichimbwe na watani waambiwe. Njia ni ndefu, naye aliona heri habari itangulie kuliko ichelewe. Hakuniambia neno.

Mume wangu alifika kesho. Akafika na keshokutwa.

Siku zile kila aliyeingia kwangu aliingia na jina la ugonjwa. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akasema ni jini la kisima cha yule Mhindi, lililochukia kelele zetu. Mganga mmoja alitaka kupiga ngoma uani mwangu wiki nzima, nikamwambia ngoma zangu zinanitosha. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja na kombe, sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani, akaiosha kwa maji ya waridi, akamnywesha. Hilo nililikubali kwa moyo wote. Lakini maji yalipita njia mbaya, mume wangu akakohoa mpaka akawa na rangi ya majivu, na mimi nikaona jambo ambalo wengine walioinamisha vichwa hawakuliona: maji yanamshinda, lakini mate mazito anameza. Nikamwomba mwalimu radhi, nikayachukua yale maji ya kombe yaliyobaki, nikayapikia uji wa mchele mzito sana, nikamlisha kwa kidole kimoja, kidogo kidogo, upande wa kushoto wa mdomo. Aliumaliza. Mwalimu akacheka, akasema aya haikatai kupikwa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimgeuza ubavu huu na ubavu ule, nilimkanda kwa mafuta ya ufuta, binti zangu wawili wakamfukuzia nzi na kumsimulia habari za mtaa. Hakusema kitu. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Lakini jicho lake nilikuwa nikilijua. Binti zangu wakikosea kusimulia, wakisema fulani amehamia kwa fulani wakati sivyo, jicho lile lilifinyika kama lilivyofinyika akiona jiwe limekaa vibaya. Alikuwemo mle ndani. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyokuwa na hakika ya jina langu.

Shemeji hakuwa na hakika hiyo. Kila siku aliyomwona ndugu yake amelala kimya ilimzidishia hofu, na hofu yake nimeielewa vizuri zaidi kadiri nilivyozeeka. Aliogopa mdogo wake azikwe mjini, kati ya watu waliokuja kutoka kila upande, mahali ambapo baada ya miaka michache hakuna atakayejua kaburi lilipo. Kwao kuna makaburi ya wazee. Huko kaburi lilikuwa tayari, ingawa hilo mimi sikulijua. Asubuhi moja, baada ya kunywa uji, aliniambia kwa upole kabisa:

"Shemeji, nimeamua. Tutamchukua nyumbani kwa machela."

"Nyumbani ni hapa."

"Nyumbani kwao."

"Jua hili na mabonde yale? Mtamtikisa siku nzima, na siku nyingine tena. Atakufa kabla hamjafika nusu ya njia."

"Anakufa, shemeji. Wewe hutaki tu kuona."

Nikamwambia jambo ambalo kazi yetu ilinifundisha. Chokaa ikiwa mbichi, unaweza kuimwagia maji, unaweza kuifunika, unaweza kuiimbia, lakini huwezi kuikanyaga. Ukiikanyaga umekwisha, utavunja uanze upya, na mtu havunjwi akaanzwa upya. Nilimwambia anipe muda tu. Alitikisa kichwa.

"Angesema mwenyewe kwamba anataka kubaki, nisingekuwa na neno," alisema. "Lakini mtu asiyeweza kusema, wa kumsemea ni ndugu zake wa damu. Wewe ni mke. Hilo si langu, ni la mila, na mwalimu muulize."

Nilimuuliza mwalimu, na mwalimu akanitazama kwa huruma, akaanza kusema habari za subira. Nikajua nimeachwa peke yangu.

Basi nikafanya la kufanya. Niliwaita shemeji, mwalimu na majirani wawili wa kiume, wakasimama kuzunguka kitanda. Nikamwinamia mume wangu. "Bwana wangu," nikasema, "wanasema wewe humo tena ndani. Ukinisikia, funga macho mara moja."

Alinitazama. Aliwatazama wale wanaume wote waliosimama juu yake, na akauona mdomo wake mwenyewe kwenye nyuso zao. Kisha akageuza uso ukutani, akakaa hivyo hivyo.

Nilimsihi. Nilimkaripia. Hakugeuka. Niliona hasira ikinipanda hata masikioni, hasira juu ya mgonjwa, jambo ambalo sikulijua kama linawezekana. Alikuwa ameona haya. Mwashi aliyejenga nusu ya mtaa wa maduka, anaamrishwa kufunga macho kama mtoto mbele ya watu. Nilimwelewa na bado ningeweza kumtikisa kwa mikono yangu. Shemeji aliniwekea mkono begani, akatoka kwenda kukata miti ya machela.

Waliifunga machela mlangoni kwetu, miti miwili mirefu ya mikoko na mkeka mzito katikati, kazi safi, siwezi kuisema vibaya. Wachukuzi walikuwa vijana wa Kinyamwezi waliokuwa wakingoja msafara wa kurudi kwao. Binti zangu walikuwa wanafunga nguo za baba yao. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, na nilikuwa nimeamua kwamba atakayetaka kumtoa atanibeba na mimi, maana singenyanyuka. Shemeji aliniomba mara mbili. Alikuwa karibu kuniomba mara ya tatu pale tuliposikia sauti ya mwanamke kutoka mwisho wa kichochoro.

"Hodi! Hodi wenye maiti! Nasikia lile zee limekufa!"

Nilimjua kabla sijamwona. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa rika langu, kutoka kijiji jirani na kwao mume wangu. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu walikuwa watani tangu babu zao. Asiyekulia kwenye utani hawezi kuujua ulivyo. Mtani anaweza kuingia kwako akanyanyua chungu jikoni akala, anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika aibu ni yako. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Mtu akifa, watani ndio wanaokuja na mzaha wakati wengine wana machozi. Huvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa akitembea na kula, hulala njiani mbele ya jeneza na kukataa lisipite mpaka wamemsema yote waliyo nayo moyoni. Waliofiwa hucheka wasipotaka. Bila mtani, watu wa bara ile huona kwamba mtu amefukiwa tu, hajazikwa.

Huyu alikuja kumzika. Ule ujumbe wa shemeji ulikuwa umefika.

Akasimama mbele yangu, vumbi limempanda hadi magotini. "Mbona hamlii?" akasema. "Au mmefurahi kama mimi?"

"Hajafa," nikasema.

"Hajafa?" Alishika kiuno. "Nimekuja kwa miguu kutoka kwetu, nyayo zimepasuka, halafu hajafa? Kaburi limechimbwa, liko wazi, mbuzi wanaingia! Na afe basi, mimi sirudi bure."

Ndipo nilipojua habari ya ujumbe. Nilimgeukia shemeji, naye akatazama chini. Kabla sijafungua mdomo wangu, ambao siku ile ungefika Zanzibar, yule mtani alinipita pale kizingitini, akaingia ndani. Nilikuwa nimeapa hapiti mtu. Mtani hazuiwi.

Nikamfuata, na wengine wakanifuata mimi. Alikuwa ameshaichukua kanzu ya mume wangu kwenye furushi la nguo lililokuwa mikononi mwa binti yangu, ameivaa juu ya kaniki yake, na kofia ameibandika kichwani upande. Aliuokota mwiko uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akaanza kutembea chumbani, na alikuwa yeye: ile hatua fupi fupi, kule kukung'uta kanzu, kule kufumba jicho moja mbele ya ukuta na kuinua uzi wa timazi usiokuwepo. Binti yangu mdogo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya namna hiyo nyumbani kwetu tangu siku ile ya muhogo.

"Umenyooka!" alisema mtani kwa sauti nzito ya mume wangu, huku mwili wake wote umeinama upande kama mnazi. "Wallahi ukuta wangu umenyooka!"

Hata shemeji alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

Kisha mtani akaenda kitandani. Hakuinama kama sisi tulivyokuwa tukiinama. Aliketi pale pale, nusu juu ya mguu mbovu wa mume wangu, kama mtu aliyefika kwenye baraza.

"Mtani," akasema, "wewe nenda ukazikwe, lakini nikuambie la kweli kwanza. Nimepita kwa yule Mhindi. Nimeuona ukuta wa ua wake. Umepinda. Vyungu vyangu nafinyanga kwa macho yaliyofumbwa na vimenyooka kuliko ukuta ule. Mbuzi amesimama pale anaushangaa. Watu mjini wanasema hukuugua wewe, umejilaza kwa haya. Na wamesema kweli. Kazi yako imepinda, na mdomo wako umekwenda kuungana nayo."

Nilitaka kumshika nimtoe. Sijawahi kusikia jambo la kikatili kiasi kile kikisemwa kwa sauti ya furaha kiasi kile. Lakini niliuona mkono wa kushoto wa mume wangu ukikunja mkeka. Jicho lake lilifinyika. Shingo yake ikatoka mishipa, na kutoka ndani kabisa, mahali ambapo siku zote zile palikuwa pamefungwa, ikaanza kuja sauti, nzito, yenye kokoto, ikikwama na kurudi na kuja tena.

"Mwo," alisema. "Mwo... Mwongo!"

Shemeji akasogea karibu.

"Mwongo!" alisema tena, wazi, na mate yakamtoka, naye akayafuta mwenyewe kwa kiganja cha kushoto.

Mwiko ulimponyoka mtani.  Kisha akasimama, akavua kofia, akamgeukia shemeji.

"Maiti wako amenitukana," alisema. "Katafuteni mwingine wa kuzika."

Shemeji alipiga magoti kando ya kitanda. Yule mtu mzima mwenye mvi alikuwa analia bila kuficha. "Mdogo wangu," alisema, "nisamehe. Unanisikia?"

"Mwongo," akasema mume wangu, sasa kwa upole.

"Twende nyumbani, au ubaki hapa?"

 Mume wangu alinyoosha mkono wake wa kushoto, akautafuta ukuta wa chumba kile, ambao aliujenga yeye mwenyewe mwaka aliponioa, akaweka kiganja chake pale na kukiacha. Hapo hata wale wachukuzi wa Kinyamwezi waliokuwa wakichungulia mlangoni walielewa. Mmoja wao alitoka nje akaanza kufungua kamba za machela.

Nilikwenda jikoni nikalia. Nitasema ukweli wote: nililia kwa furaha, na ndani ya furaha ile mlikuwa na wivu mkali. Mimi ndiye niliyemlisha kwa kidole. Mimi ndiye niliyemsihi. Neno lake la kwanza akampa mwanamke mwingine. Mtani alinikuta pale, akaketi juu ya kinu, na nilipomwambia hilo alicheka.

"Wewe ulikuwa unambembeleza, dada," alisema. "Ukuta wake mimi ndiye niliyeusema."

"Umepinda kweli?"

"Nitajuaje? Sikupita huko. Nimekuja moja kwa moja." Akapukuta vumbi miguuni. "Nilikuja nikijua amekufa. Nililia njia nzima. Nilipofika kwenye kichochoro chenu nikajifuta, maana mtani haingii analia."

Nikamtilia chakula, naye akala. Nilimpenda mwanamke yule tangu saa ile, na sikuacha.

Shemeji alikaa kwetu mpaka mtama wake ukaisha na zaidi. Miti ile miwili ya machela aliichomeka mwenyewe kandokando ya ukuta wa uani, akafunga ufito juu yake, akatengeneza mahali pa kushika. Hapo ndipo mume wangu alipojifunza kutembea. Alianza kwa kusimama tu, akitokwa jasho, akimwambia kila aliyemtazama kwamba ni mwongo. Maana hilo ndilo lililokuwa neno lake pekee kwa muda mrefu. Hakuwa na jingine. Akitaka uji alisema mwongo, akitaka kugeuzwa alisema mwongo, mwalimu akimsalimu alimjibu mwongo, na mwalimu akaitikia alhamdulillahi. Mimi nilijifunza kusikia lipi ni lipi. Lilikuwepo la njaa, lilikuwepo la kuudhika, na lilikuwepo moja la asubuhi, la chinichini, ambalo lilikuwa langu peke yangu. Wivu wangu ulikwisha.

Maneno mengine yalirudi polepole. Maji. Chokaa. Majina ya binti zake, ingawa aliyabadilishana. Hakupanda tena juu ya ukuta, lakini alikaa chini na fimbo yake, akafumba jicho moja, na vijana waliojenga walijua kutazama fimbo imeelekea wapi. Paa la yule Mhindi tulilimalizia sisi wanawake. Alitaka kupelekwa akauone ule ukuta wa ua, na tulipompeleka aliuangalia kwa muda mrefu sana, akapitisha kiganja. Ulikuwa umenyooka kama ulivyotakiwa. Aliridhika kupita kiasi, na niliporudi naye nyumbani nilimwambia kwamba nilijua.

Baadaye ilikuja vita ya Wadachi, yaani Wajerumani, na mji ukachomwa sehemu, na sisi tukakimbia tukarudi. Baada ya mambo kutulia ndipo ilipotufikia habari kwamba yule mfinyanzi amekufa. Safari hii ilikuwa habari ya kweli. Shemeji aliileta mwenyewe, akasema wamekataa kumzika kabla mtani wake hajafika. Mume wangu alisikiliza, akaweka chini kikombe, akaniangalia.

"Machela," alisema.

Shemeji aliniuliza kwa macho. Nilimwambia aifunge, na aifunge vizuri.

Walimbeba kwa njia ile ile niliyomkatalia, kwa yale mabonde na lile jua, na mimi nilitembea kando yake nikimfunika kwa kanga yangu. Hakulalamika hata mara moja. Tulifika wakati jeneza linatoka. Aliwaonyesha kwa fimbo mahali pa kumweka, katikati ya njia, naye akalala pale kwa urefu wake wote, na wachukuzi wa jeneza wakasimama, na watu wote wakanyamaza kumsikiliza mtani. Najua alikuwa ametayarisha maneno. Njiani nilimsikia akiyajaribu, vyungu, na kupinda, na mbuzi. Lakini alipoliona jeneza limesimama juu yake, machozi yalimtoka, na maneno yote yakamkimbia, yakabaki lile moja.

"Mwongo!" akamwambia. "Mwongo! Mwongo we!"

Watu walicheka kama inavyopasa, wakacheka mpaka wakalia. Aliendelea kumwita hivyo mpaka sauti ikamwisha. Kisha akainua mkono wake wa kushoto kuonyesha kwamba amemaliza, nami na shemeji tukamvuta kando, nao wakapita.